Saa ya mfukoni au saa ya vito ya mkononi: ipi imfae mwanamke?

Pesa ya saa ya kifahari haiendi mahali pamoja. Ukinunua saa ya mfukoni, sehemu kubwa ya ulicholipia ni mashine iliyomo ndani, pamoja na kazi ya mkono iliyofanywa kwenye kifuniko. Ukinunua saa ya mkononi iliyojaa almasi, umelipia zaidi kilicho nje: mawe, dhahabu, na ustadi wa sonara aliyeyapachika. Kwa hiyo anayezilinganisha kwa kuangalia ipi inang'aa kuliko mwenzake anapima vitu viwili kwa mizani moja. Jiulize kwanza unataka saa yako ionwe na nani, na mara ngapi kwa wiki. Mengine yote yanafuata hapo.

Historia ya kike ya saa hizi

Tumezoea kuiona saa ya mfukoni kama kitu cha mababu na saa ya mkononi kama kitu cha kisasa. Kwa wanawake mambo hayakwenda hivyo. Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon, aliagiza saa ya kuvaa mkononi kwa Abraham-Louis Breguet wa Paris mwaka 1810, ikamfikia 1812. Mwaka 1868 Patek Philippe wakatengeneza saa ya bangili kwa Countess Koscowicz wa Hungaria. Karne nzima ya 19 saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la kike, na mwanaume aliyejiheshimu hakuigusa. Aliyewageuza wanaume ni vita. Kati ya 1914 na 1918 askari walihitaji kujua saa huku mikono yote miwili ina kazi, na wakarudi nyumbani na kitu kilichokuwa cha dada zao.

Saa ya mfukoni nayo, kwa mwanamke, mara nyingi haikukaa mfukoni, kwa sababu nguo nyingi za kike hazikuwa na mfuko wa kuaminika. Ilining'inia shingoni kwa mkufu mrefu, au ilibanwa kifuani kwa pini, au ilishuka kutoka kiunoni kwa mnyororo pamoja na funguo na mkasi mdogo. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Malkia Victoria alipata saa ya Patek Philippe ya aina hiyo, ya kuning'iniza, yenye enameli (rangi ya kioo iliyochomwa juu ya chuma) ya buluu na almasi juu yake. Yaani pambo na saa ya mfukoni vilikuwa kitu kimoja zamani. Ninalitaja hili kwa sababu nitalirudia nikifika kwenye chaguo langu.

Saa ya mfukoni ukiishika

Kinachomshangaza mtu kwanza ni uzito. Saa ya kiume ya dhahabu yenye upana wa milimita 50 inaweza kufika gramu 100. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake ni ndogo zaidi, nyingi zikiwa kati ya milimita 28 na 36, na hizo ndizo zinazovalika bila kuchana kitambaa chepesi.

Zipo za aina mbili kuu. Moja ina kioo tu mbele, uso wake uko wazi muda wote. Nyingine ina kifuniko cha chuma juu ya kioo: unabonyeza kitufe cha kujazia, kile kinachozungushwa kuipa saa nguvu, kifuniko kinaruka chenyewe. Hii ya pili ndiyo inayowapata wengi moyoni, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na wenyewe, kwa sababu raha ya kuifunga kwa mlio wa "tak" inakula ukingo wa dhahabu pale kishikizo kinaponasa. Namna sahihi ni kubonyeza kitufe kwanza, kurudisha kifuniko taratibu, kisha kuachia kitufe. Ukiikuta saa ya zamani ambayo kifuniko chake hakishiki vizuri, jua kuna mtu aliifunga kwa mlio kwa miaka mingi.

Hapo hapo kuna kitu kingine cha kuangalia. Kwa kawaida saa yenye uso wazi ina kitufe cha kujazia upande wa namba 12, yaani juu kabisa, na yenye kifuniko ina kitufe upande wa namba 3. Ukikuta saa ya uso wazi ambayo kitufe chake kiko kwenye namba 3, huenda mashine imehamishwa kutoka kasha jingine. Makasha mengi ya dhahabu yaliyeyushwa bei ya dhahabu ilipopanda, na mashine zikabaki uchi zikitafutiwa nyumba mpya. Si lazima iwe mbaya, lakini haiwezi kuuzwa kwa jina la saa kamili.

Sasa utamu wenyewe: enameli. Ni unga wa kioo unaopakwa juu ya chuma na kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 800, tabaka baada ya tabaka. Kwenye kazi nzuri, chini ya enameli inayopitisha mwanga kuna mistari myembamba iliyochongwa kwa mashine, kwa hiyo ukiigeuza saa chini ya taa rangi inatembea kama maji. Geneva ilijenga jina lake kwa michoro midogo ya enameli, maua na nyuso za watu kwenye duara lisilozidi sarafu. Rangi hiyo haipauki. Saa ya miaka 200 inaweza kuwa na buluu ileile iliyotoka nayo tanurini.

Lakini ikipigwa, inapasuka, na hapo hakuna fundi wa mtaani wa kukusaidia. Kuichoma upya kunaweza kupasua hata sehemu iliyosalimika, kwa hiyo nyingi hutengenezwa kwa rangi ya baridi ambayo mwanzoni inafanana na baadaye inageuka manjano. Ichukue saa, ielekeze upande mmoja mbele ya taa, itazame kwa kioo cha sonara. Nyufa nyembamba zinaonekana kwa namna zinavyokatiza mng'ao. Usiridhike na picha iliyopigwa kwa mbele, kwani picha ya mbele huficha karibu kila kitu.

Ndani, mashine ya saa ya mfukoni ina nafasi ya kupumua. Gurudumu la mizani, lile linalozunguka huku na huko kupima muda, ni kubwa, na nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa sekunde, mlio unaousikia ukiiweka karibu na sikio. Saa nyingi za kisasa za mkononi hupiga 28,800. Na mashine tata hazikuwa za wanaume peke yao: saa namba 160 ya Breguet, mojawapo ya saa tata kuliko zote za wakati wake, iliagizwa 1783 kwa ajili ya Marie Antoinette. Ilimalizika 1827. Malkia alikuwa ameuawa 1793, na Breguet mwenyewe alikuwa amefariki 1823.

Udhaifu wake nao usifichwe. Saa za kabla ya miaka ya 1930 kwa kawaida hazina kinga ya mshtuko, na ncha za mhimili wa gurudumu la mizani ni nyembamba mno. Ikianguka mara moja kwenye sakafu ya vigae, saa imesimama. Maji nayo ni adui, hata mvuke wa bafuni. Na kuna adui wa siku hizi asiyesemwa sana: sumaku. Saa ikiwekwa kwenye mkoba wenye kifungo cha sumaku, karibu na simu, springi nyembamba ya ndani inaweza kunasa sumaku, mizunguko yake ikashikana, na saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa mbele kwa siku. Mwenyewe hudhani imeharibika. Fundi mwenye kifaa huiondoa sumaku kwa muda mfupi tu, lakini mkoba ukibaki uleule, tatizo linarudi.

Saa ya vito mkononi

Hapa kuna neno la tahadhari kabla ya lolote. Saa nyingi za mashine zimeandikwa ndani kwamba zina vito 17. Hivyo si vito vya pambo. Ni vipande vidogo vya yakuti nyekundu vinavyoshikilia ncha za magurudumu ili zisisagike. Hati ya kulinda uvumbuzi huo ilitolewa London mwaka 1704 kwa Nicolas Fatio na wenzake, na tangu Auguste Verneuil atangaze njia yake ya kutengeneza yakuti kiwandani mwaka 1902, vipande hivyo vimekuwa vya bei ndogo sana. Muuzaji akikutajia vito 17 kwa sauti ya kukuvutia, muulize viko wapi.

Vito vya nje ndivyo unavyolipia, na cha kwanza kukichunguza ni namna vilivyopachikwa. Kuna jiwe lililoshikwa kwa kucha ndogo za chuma, linapokea mwanga vizuri lakini kucha hunasa nyuzi za nguo. Kuna lililozungushiwa ukingo wa chuma, salama zaidi ingawa mng'ao wake ni mpole. Na kuna mawe madogo mengi yaliyopangwa bega kwa bega mpaka chuma hakionekani. Hayo ndiyo mazuri ukiyatazama kwa mbali na ndiyo yanayodondoka. Jaribio rahisi ni kupitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya saa bila kukandamiza. Ikinasa popote, kuna kucha imeinuka.

Ugumu wa mawe nao una maana zaidi mkononi kuliko shingoni, kwa sababu mkono hugonga meza, mlango na usukani siku nzima. Almasi iko 10 kwenye kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, yakuti nyekundu na ya samawati 9. Zumaridi iko kati ya 7.5 na 8, na huwa na nyufa za asili zilizojazwa mafuta, kwa hiyo haitaki mvuke wala mashine za kusafishia kwa mitetemo. Lulu haifiki hata 5. Ukitaka saa ya kila siku, kaa kwenye almasi na yakuti. Ya zumaridi ni ya jioni, na ya lulu ni ya jioni ukiwa umeketi.

Kinachosahaulika ni usafi. Almasi hupenda mafuta, hushika losheni na jasho mpaka mgongo wake unakuwa na utando na mng'ao unazimika. Pete unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, umemaliza. Saa huwezi. Nyingi za namna hii zimeandikwa mita 30, na hiyo ni kinga ya matone unaponawa mikono, haikuruhusu kuzamisha. Utabaki na brashi laini yenye unyevu kidogo, na mara moja moja kumpelekea fundi aitenganishe. Wanaopaka losheni hadi kwenye viganja wafikirie hili.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kununua saa iliyopachikwa almasi baada ya kutoka kiwandani. Mtu anachukua saa ya kawaida ya jina kubwa, anatoboa ukingo wake, anajaza mawe. Inametameta kweli. Lakini dhamana ya kampuni imekufa, kinga ya maji imekufa, na siku ya kuuza itakuwa na thamani ndogo kuliko ingebaki kama ilivyozaliwa. Karatasi za saa zitaje mawe. Namba ya modeli ilingane na saa yenye mawe. Mawe yawe na urefu mmoja ukiyatazama kwa ubavu. Kimoja kikikosekana, simama.

Kuhusu mashine, mimi si mtu wa kudharau betri kwenye saa ya vito. Saa ndogo sana za kujaza kwa mkono ni maajabu: mashine iitwayo Caliber 101 ya Jaeger-LeCoultre, iliyotoka 1929, ina uzito usiofika gramu moja, na Elizabeth II alivaa saa yenye mashine hiyo kwenye kutawazwa kwake mwaka 1953. Lakini kadiri mashine inavyopungua ukubwa ndivyo inavyokosa uthabiti, na kujaza kitufe chenye upana wa punje ya mtama kwa kucha ndefu ni adhabu ya kila asubuhi. Saa ya kwots, yaani ya betri, teknolojia iliyoingia sokoni kwa Seiko Astron mwishoni mwa 1969, hutetemesha fuwele mara 32,768 kwa sekunde na haikudai chochote kwa miaka miwili au mitatu. Ukivaa saa yako mara sita kwa mwaka, unataka kuikuta inatembea. Sharti ni moja: betri ikiisha itolewe mara moja, kwa sababu iliyokufa huvuja na kula mashine polepole ndani ya sanduku.

Bangili ijaribiwe jioni, mkono ukiwa umevimba kidogo kwa joto na shughuli. Ile ngumu ya kipande kimoja haina marekebisho, na ile ya dhahabu iliyosukwa kama kitambaa hukatwa na kuunganishwa na sonara, haifunguliwi tu kipande. Ukinunua iliyotumika, ishike kwa ubavu, usawa wa macho: bangili iliyochakaa inalegea kama kamba, na kuirudisha hali yake ni kazi ndefu.

Nani achukue ipi

Anayefanya kazi kwa mikono, au anayevaa pete na bangili nyingi upande uleule, saa ya vito mkononi itamsumbua. Almasi hukwaruza kila kinachoigusa, zikiwemo pete zako na kioo cha saa, hata kikiwa cha yakuti. Ya kuning'iniza inamfaa zaidi, mradi kazi yake haimwinamishi juu ya mashine inayozunguka.

Anayetaka kutazama saa bila kukatisha mazungumzo, achukue ya mkononi. Ya mfukoni inadai mkono mmoja angalau, na yenye kifuniko inatangaza kwamba umeanza kuhesabu dakika. Zamani kutazama saa mbele ya wageni kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu, na masonara walilitatua kwa ujanja: saa ya bangili ambayo uso wake umefichwa chini ya ua la almasi au kifuniko cha dhahabu. Van Cleef & Arpels walipotoa saa yao ya Cadenas mwaka 1935, uso wake uliwekwa kwa namna ambayo mvaaji anausoma na aliye mbele yake anaona pambo tu. Kama unapenda vito lakini hupendi kuonekana mtu wa haraka, tafuta za familia hiyo.

Anayefikiria kuuza baadaye asihesabu mawe madogo. Almasi ndogo ndogo, hata zikiwa mia, hazirudishi ulichozilipia. Kinachobaki ni jina la kampuni, uzito wa dhahabu, hali ya saa na karatasi zake. Soko la saa za mfukoni za kike ni jembamba zaidi na mnunuzi wake huchukua muda kupatikana, ila ukipata yenye kasha lake la asili na enameli nzima, umeshika kitu ambacho wenzake wengi waliishia kwenye chungu cha kuyeyushia.

Na anayetaka kuvaa na jinzi? Kile kimfuko kidogo kilicho ndani ya mfuko wa mbele kiliwekwa kwa ajili ya saa. Kwenye suruali nyingi za kike kimebanwa kiasi cha kutotosha hata saa ya milimita 30, kwa hiyo usipange maisha yako juu yake.

Mimi ningechagua saa ya kuning'iniza, ileile iliyokuwa ya mfukoni kwa jina na ya shingoni kwa matumizi. Inakupa mashine kubwa kidogo na enameli, na inakaa mbali na kona za meza. Ikiwa na almasi chache kwenye mgongo au kwenye pini, umepata vyote viwili bila kulipia mawe mia. Chukua ya milimita 30 hadi 34, uso wazi ukitaka kuisoma haraka. Mkufu wa sentimita 75 hadi 80 huifikisha chini ya kifua, mahali unapoweza kuinua na kusoma bila kuvua. Uwe wa pingu imara, kwa maana saa haining'inii kimya kama kidani, inavuta. Ukiipenda kwa pini badala ya mkufu, angalia uso wake umegeuzwa juu chini ili mvaaji aisome anapoiinua, na uiweke kwenye kitambaa kizito.

Kabla ya kulipa, omba mgongo ufunguliwe mbele yako. Tazama kama jina na namba kwenye kasha na mashine vinaendana na karatasi, kama alama ya dhahabu ipo (750 ni ya karati 18, 585 ya 14), kama kwenye kingo rangi ya dhahabu haijachubuka ikaonyesha shaba. Uliza imefanyiwa huduma lini. Kama hakuna anayejua, ongeza gharama ya huduma kamili kwenye bei uliyotajiwa, kisha uamue.